Tulikuwa Tukimulika Nyoka

Kila usiku kabla ya kulala nilikuwa nawasha tochi ya simu, naizungusha taratibu pembe zote nne za dungu, kibanda chetu cha shambani. Chini ya magunia, kwenye nyasi za paa, ndani ya buti za mvua. Nilikuwa natafuta nyoka. Usiku mmoja, nikiwa katikati ya ukaguzi wangu, mkono ulioshika simu ukaanza kuwasha. Nikaugeuzia mwanga nikaona mbu watatu, matumbo yamevimba kwa damu yangu, wametulia kama wageni walioandaliwa meza. Nikawapiga kwa kiganja, nikajifuta kwenye suruali, nikaendelea kutafuta nyoka.

Kwa miezi mitatu na nusu niliyolala katika dungu lile sikuona nyoka hata mmoja.

Ilikuwa mwaka 2013, na nilikuwa bondeni kwa sababu ya sifuri. Walio wa rika langu wanalikumbuka tangazo la Februari mwaka ule, pale zaidi ya asilimia 60 ya waliofanya mtihani wa kidato cha nne walipoambulia daraja sifuri. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikaa nyumbani Makambako wiki mbili nikikwepa macho ya watu, mpaka mjomba akaja jioni moja akanikuta nimejikunyata jikoni. "Mpwa wangu, kuhesabu mabati hakukusaidii. Jumatatu twende bondeni."

Bondeni ni Kilombero. Kwetu Njombe, ukisema fulani ameshuka bondeni kila mtu anaelewa: amekwenda kutafuta hela ya mpunga. Wapo waliokuwa wakishuka kwa miguu kupitia Lupembe. Sisi tulipanda treni ya Tazara, daraja la tatu, usiku. Makambako iko juu ya mita 1,500 na Machi ile kulikuwa na baridi ya kutafuna mifupa, nikavaa sweta mbili. Treni ikaanza kuteremka, inaingia handaki, inatoka, inaingia jingine, na kila tukitoka joto limepanda kidogo. Sweta ya kwanza niliivua kwenye handaki la sijui ngapi. Ya pili niliivua Mlimba, na sikuivaa tena.

Mwenye shamba alikuwa mfanyabiashara wa mjini mwenye eka nyingi upande wa Mngeta. Vibarua tulilala shambani kwenye madungu, vile vibanda vya miti na nyasi vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Yanainuliwa kwa sababu ya maji na wanyama: viboko hutoka mtoni usiku kuja kula mpunga, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka kulala njiani mwao. Kazi ya kwanza ilikuwa kupalilia, tukipimiwa ngwe, yaani kipande cha shamba cha kila mtu. Baada ya hapo kuamia ndege, kuanzia kabla jua halijachomoza hadi giza, maana kweleakwelea hawana siku ya kupumzika. Mwisho kuvuna na kupura. Posho ya unga na dagaa tulipewa kila wiki na ikaandikwa kwenye daftari la msimamizi, ikatwe mwishoni. Malipo yenyewe ni baada ya mavuno. Na ilikuwepo kanuni moja ambayo hakuna aliyeiandika ila kila mtu aliijua: ngwe isiyokwisha haina bei.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotuamulia nini ni ugonjwa na nini si ugonjwa.

Tulikuwa wanne katika dungu letu: mjomba, mimi, kijana wa Mufindi, na mwenzetu mmoja wa Makete wa umri wa miaka thelathini hivi tuliyekuwa tukimwita Mkinga. Chandarua kilikuwa kimoja, cha mjomba, nacho tulilala chini yake kwa upande, miguu ikibaki nje kuanzia magotini. Cha kuchekesha ni kwamba mimi nilikuwa na chandarua changu. Miaka miwili nyuma serikali ilikuwa imegawa vyandarua nchi nzima kwa kuhesabu sehemu za kulala katika kila kaya, na sisi tulipata vitatu. Nilipotaka kuondoka nacho mama alikataa: kiliandikwa kwa jina la kaya, wakija kukagua atasema nini? Kwa hiyo msimu mzima chandarua changu kilining'inia Makambako, juu ya kitanda kisicho na mtu, mahali ambapo mbu ni wa kutafuta. Dungu nalo halina mlango wa kugongwa na mwandikishaji. Nchi ilikuwa imejaa mabango ya "Malaria haikubaliki". Kwenye dungu ilikuwa imekubalika, tena inalala katikati.

Hebu nieleze kitu ambacho sikukijua wakati ule na ambacho nadhani ndicho kiini cha jambo lote. Shamba la jirani lilikuwa la familia ya Kindamba, wenyeji. Nao walihamia shambani msimu wa mpunga, lakini walihama na nyumba nzima: masufuria, kuku, watoto, na vyandarua. Bonde lile lilijua vyandarua mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Tangu mwaka 1997 hivi vilikuwa vikiuzwa huko kwa mradi wa Zuia Mbu, na utafiti ukaonyesha watoto waliolala ndani yake walipona kifo kwa wingi kuliko wasiolala. Yule mama wa Kindamba alikuwa akiwaingiza wanawe ndani ya chandarua jua likiwa bado linawaka. Degedege aliliogopa kuliko kiboko. Ila yeye na mumewe walikaa nje mpaka saa nne usiku, wanasonga ugali, wanapiga soga, mbu wanawala. Wakishikwa na homa walimeza kitu, wakalala mchana mmoja, kesho yake wako shambani. "Homa ni kama mvua," aliniambia yule baba, "inanyesha, inakatika."

Kwake ilikuwa kweli kabisa. Mwili unaoumwa na mbu wa malaria tangu utotoni hujijengea kinga ya namna yake. Haizuii vimelea visiingie, ila inavifunga kamba visikuue. Na bondeni pale kinga hiyo ililipiwa sawasawa: mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Namawala upande wa Ifakara, watafiti waliokuwa wakinasa mbu usiku walikadiria kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Tangu hapo hali imeshuka sana. Lakini mtu mzima wa Kindamba wa mwaka 2013 alikuwa amekulia katika mvua ile.

Sisi tulikuwa watu wa baridi. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na damu zetu zilikuwa changa kama za wale watoto waliokuwa wakiingizwa chandaruani jua likiwaka. Tulipofika tukawatazama watu wazima wa pale wanaogopa nini, tukaogopa hicho hicho, yaani kiboko, mamba na nyoka. Tukaona hawahangaiki na homa, nasi hatukuhangaika. Tuliazima utulivu wao bila kinga yao.

Siwezi kusema tulikuwa wajinga. Kila mmoja wetu angekujibu kwamba malaria inaletwa na mbu; darasa la nne tulichora mpaka picha yake, mkia juu, akiwa amesimama ukutani. Mjomba alijua kuliko mimi. Lakini mjomba alikuwa na mizani nyingine kichwani, na nadhani aliirithi. Babu yetu alikwenda Tanga mara mbili kama manamba, enzi za SILABU, ofisi iliyoanzishwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944 kuwakusanyia vibarua kutoka mbali. Babu alipenda kusimulia walivyopimwa kabla ya kusafirishwa. Daktari aliwashika misuli, akawapandisha kwenye mizani, akawagongagonga kifuani. "Hakutuuliza tunaumwa nini," alikuwa akisema. "Alitaka kujua tutakata mangapi." Mjomba naye alipima hivyo hivyo, tena alijipima mwenyewe. Kukohoa siyo ugonjwa. Kuharisha ni ugonjwa ukizidi mara tano, kwa sababu hapo unaanza kupoteza muda wa kupalilia. Homa ni ugonjwa pale jembe linapokuponyoka.

Kwa mizani hiyo, mambo ya polepole hayakuwa na uzito wowote. Tulishinda ndani ya maji hadi magotini, na maji yale yana konokono wa kichocho. Jioni miguu iliwasha kama imepitiwa na upupu. Tukasema ni majani ya mpunga. Dawa ya kichocho niliijua kama kitu cha watoto wa shule, wanapangwa mstari, wanapimwa urefu kwa fimbo ili kujua idadi ya vidonge. Kibarua hapimwi na fimbo ya mtu. Maji ya kunywa tulichota mtoni kwa hoja kwamba maji yanayotembea hayabebi ugonjwa.

Halafu dawa ya magugu. Kijana wa Mufindi ndiye aliyekuwa akibeba bomba mgongoni, kwa sababu kupiga dawa kulilipa zaidi ya jembe. Bomba lenyewe lilivuja kwenye mkanda wa kulia. Kila siku shati lake lilikuwa na doa bichi begani, la ukubwa wa sahani, na ngozi chini yake ikaanza kubanduka kama ya kiazi kilichochemshwa. Msimamizi alimletea maziwa. Nusu lita kila baada ya kupiga dawa, na alimletea kwa moyo safi kabisa, nataka nimtendee haki. Hata posho haikukatwa kwa ajili ya yale maziwa. Kijana aliyanywa mbele yetu kwa madaha na sisi tukamwonea wivu. Imani kwamba maziwa yanaosha sumu imeenea kila pembe ya nchi hii yenye bomba la kupulizia, na maziwa hayafanyi kitu kwa sumu iliyoingilia begani. Maji na sabuni na shati kavu vingefaa zaidi. Lakini maziwa yana utamu wa kutendewa wema. Yale madumu matupu ya dawa tuliyasuuza mara tatu tukachotea maji.

Mkinga alianza kuumwa katikati ya Aprili, tukiwa tumebakiza wiki moja ya palizi. Asubuhi alisema viungo vinamuuma. Mchana nikamkuta amekaa juu ya tuta, kwenye jua kali, amejifunika gunia na meno yanagongana. Msimamizi akamtazama akasema, "Hali ya hewa imemkataa. Watu wa baridi wote huwa hivi, atazoea." Tukampa panadol. Akarudi kwenye ngwe yake, akapalilia akiwa amepiga magoti kwenye maji.

Usiku mjomba alifungua begi lake akatoa karatasi ya dawa mseto ya malaria iliyokunjwa. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwanza, vinne baada ya kupita saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Karatasi ya mjomba ilikuwa na vidonge kumi. Vile vingine kumi na vinne vilimalizika mwaka uliopita, kwa homa yake mwenyewe, na hivi kumi akaviweka akiba. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Siku ya pili ya dawa mseto mwili unakuwa mwepesi, na mtu aliyepata nafuu shambani hamalizi dawa, anamaliza ngwe. Mjomba aliikumbuka kwa upendo ile SP ya zamani, vidonge vitatu unameza mara moja umemaliza. Vimelea viliizoea ikaachwa, lakini iliendana na kazi za watu kama sisi. Dawa mseto inataka siku tatu, saa, na chakula chenye mafuta. Sisi tulikuwa na ugali na dagaa wa kuchemsha.

Mkinga alipata nafuu siku moja na nusu. Kisha ikarudi, na safari hii macho yakawa ya manjano na mkojo rangi ya chai ya rangi. Akawa anaongea na mtu ambaye hayupo.

Ndipo mjomba alipokaa chini ya dungu akachukua kijiti na kuanza kuandika kwenye tope. Nauli ya baiskeli hadi barabarani, maana pikipiki haikuweza kufika. Nauli ya pikipiki hadi zahanati. Dawa. Chakula cha mgonjwa na cha atakayemuuguza. Kadi ya mfuko wa afya alikuwa nayo, lakini kadi hizo wakati ule zilifanya kazi ulikoandikishwa, na yeye aliandikishwa Makete. Mjomba akajumlisha, kisha akagawanya kwa bei ya ngwe. Jibu lilikuwa ngwe tisa. Mkinga alikuwa na ngwe saba zilizokwisha na moja nusu. Tulilitazama lile jibu kwenye tope na hakuna aliyesema kitu. Nililiona likianza kujaa maji pembeni na kufutika.

Aliyekataa kwenda ni Mkinga mwenyewe, akili ilipomrudia kidogo alfajiri. Nilidhani ni kwa sababu ya hela. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, wakinitoboa kidole watajua."

Nilichukua muda kuelewa. Tunatoka Njombe. Utafiti wa kitaifa wa miaka 2011 hadi 2012 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima mkoani kwetu wana virusi vya ukimwi, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Tulikua tukienda misibani. Makete kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Kwa mtu wa huko kifo kilikuwa na jina moja, na tone la damu mbele ya muuguzi lilikuwa na swali moja. Mkinga hakuwa akiiogopa malaria hata kidogo, alikuwa anakiogopa kipimo chake. Alidhani ile homa ndiyo yenyewe imemfikia, na aliona heri aimalizie shambani kama homa ya bondeni kuliko kuisikia ikitajwa.

Mjomba akamdanganya. Akamwambia zahanati ile haina kipimo chochote zaidi ya cha malaria. Tukambeba.

Kipande cha plastiki kikaonyesha mistari miwili ndani ya robo saa: malaria. Wakamtundikia dripu ya kwinini, masikio yakawa yanamvuma siku nne, na alipoweza kusimama tukampandisha treni Mlimba akiwa amevaa sweta zangu zote mbili.

Nilikuja kusoma afya ya jamii baadaye sana. Mei ile ile, tukiwa tunaamia ndege, redio ya jirani ikatangaza kwamba serikali imefuta matokeo na yatapangwa upya; nami nikapanda daraja kidogo, nikarudia mtihani, na miaka kadhaa mbele nikajikuta chuoni. Mwalimu akatufundisha kuhusu wataalamu wa Marekani, Hochbaum na wenzake, ambao miaka ya 1950 walijiuliza kwa nini watu hawaendi kupigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, hata inapokuwa bure na gari limeletwa mtaani. Wakasema mtu hupima: je, ugonjwa huu unaweza kunipata mimi? Ukinipata ni mbaya kiasi gani? Nikichukua hatua inasaidia? Nini kinanizuia? Nilivutiwa, nayakubali maswali yote manne. Ila nilipofanya mazoezi ya dodoso nikaona tunamaliza karatasi tatu kwenye swali la kwanza na la pili, tunatafuta hofu ya mtu iko wapi, halafu kile kinachomzuia tunakipa mstari mmoja chini kabisa wenye kisanduku cha "gharama". Mkinga angeweka alama ya vema kwenye kile kisanduku, na mtafiti angeondoka bila kujua lolote kuhusu kidole chake.

Mwenye shamba alipigiwa simu kuhusu malipo ya Mkinga. Akasema ngwe saba atazilipa kwa kukatia gharama za zahanati alizotanguliza msimamizi, na ile ya nane haijakwisha. Kwa hiyo hakubaki na kitu. Tuliobaki tuliimalizia ile nusu kwa asubuhi moja, tukiwa watatu. Ilipopimwa Juni iliandikwa kwa jina la mjomba, na hela yake tukagawana. Mimi sehemu yangu niliongezea kidogo nikanunua chandarua sokoni Mlimba, cha kuja nacho msimu mwingine, ambao sikurudi.

Nilikutana na Mkinga stendi ya Makambako mwaka 2019. Amenenepa, anauza viazi. Alinitambua yeye kwanza, akapiga kelele za kamwene, salamu ya kwetu, mpaka abiria wakageuka, akanivuta kwenye banda la chai. Tukacheka kuhusu viboko. Akaniuliza kama nakumbuka nilivyokuwa nikimulika nyoka kila usiku mpaka betri inakwisha. Kisha akauliza, hivi ile ngwe yangu ya mwisho ilikuwaje, magugu yaliirudia?

Nikamwambia tuliimaliza.

"Vizuri," akasema. "Ilikuwa imeniuma kuiacha." Akaagiza chapati nyingine mbili, akalipa yeye.